Kwake shujaa kilienda kilio. Kwa wengine je?

Juzi kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimulia jinsi mwanawe alivyomweleza kwamba mtoto wa darasa lao hunyang'anywa chakula na wakubwa. Alimjibu: "Hayo hayakuhusu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Wazazi wakapiga makofi. Nilitoka pale moyo umenijaa.

Kijana yule alikuwa ameshafanya la kishujaa: aliona uovu, akausema. Tukamfunza kwamba amekosea.

Kama ni kilio, tuwasimulie watoto habari za Salah Farah, mwalimu wa Kenya. Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilivamiwa na wapiganaji wa al-Shabaab karibu na mji wa El Wak. Walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria walijua maana yake, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla, Novemba 2014, watu 28 wasio Waislamu walishushwa kwenye basi katika kaunti hiyohiyo wakauawa. Safari hii Waislamu walikataa. Kina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajisitiri, na wavamizi wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah, naibu mwalimu mkuu, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alikuwa Mwislamu, aliyetafutwa hakuwa yeye. Angejitenga tu. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiwa anatibiwa Nairobi.

Binti yangu aliuliza kama mwalimu aliogopa. Nikamwambia naamini aliogopa sana. Akauliza kama alikufa kweli. Ndiyo, alikufa. Sioni sababu ya kumficha mtoto hilo, maana ushujaa usio na gharama hautamsaidia siku atakapouhitaji. Kwake kilienda kilio, sikatai. Lakini zipo nyumba ambazo baba au mama alirudi salama kwa sababu abiria wale hawakusema "hayatuhusu".

Na haya ya kumwambia mvulana aliyeanguka kwamba mwanamume halii, tuyaache. Kulia hakujamfanya mtu mwoga.

Nakubali, shingo upande, kwamba hofu ya mzazi ina msingi. Simtumi mtoto wa miaka minane akapambane na mwenye kisu. Kukimbia kumwita mwalimu kunatosha, na kunahitaji moyo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikuletea habari kama ile, msikilize mpaka mwisho. Muulize anayeonewa ni nani. Asubuhi mshike mkono mwende pamoja kwa mwalimu, na umwache aseme mwenyewe.