Kompyuta ya Gemu Iliyozeeka Usiku Mmoja

Ni nani aliyeiroga kompyuta yangu? Jana gemu ya mpira ilikwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde bila kusita. Leo mpira unatoka mguuni mwa mshambuliaji, unasimama hewani kutafakari, kisha unaingia golini kwangu kabla kipa hajapepesa jicho. Kila mwenye mashine ya mwaka 2014 anaijua kero hii, na anawajua pia washauri wake: ondoa virusi, ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), nunua nyingine. Ninunue kwa fedha ya nani?

Ukifungua orodha ya programu zinazofanya kazi, unakuta sasisho ambalo hukuliomba limeikalia diski kwa asilimia 100, tena Jumamosi jioni. Unalisubiri liishe, na gemu bado inakwama! Unapima joto, unakuta prosesa, ubongo wa kompyuta, inakaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na kumbe ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, bila kumwambia mtu. Unafungua kifuniko: vumbi limejaa kwenye feni kiasi cha kuoteshea mchicha, na ile krimu ya kupitishia joto iliyopakwa juu ya prosesa imekauka ikawa unga. Mashine inayonitangazia hali ya hewa kila asubuhi, bila kuulizwa, inashindwaje kusema neno moja tu, "Nimeziba"?

Basi nimepuliza, nimefuta, nimepaka krimu mpya, joto limeshuka hadi nyuzi 70 na gemu imerudi kukimbia. Sasa inataka sasisho la gigabaiti 40.