Msiniambie "ni baiti nne tu"

Juzi hapa ofisini Mbeya nimegombana na dogo mmoja tunayefanya naye kazi, kijana mzuri na kuandika kodi za programu anajua, ila nilipomaliza kumweleza tatizo la strakti, yaani fungu la namba zinazopangwa pamoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, akasema "kaka si ni baiti nne tu, weka packed tuendelee." Packed ni amri ya kubana hizo namba zishikane bila nafasi katikati. Nilishindwa kuendelea na kazi. Nikatoka nje nikasimama kwenye kile kibaridi cha mwezi wa saba, maana mimi namjua mtu ambaye hizo baiti nne zilimlaza macho wiki nzima.

Msimu wa kahawa uliopita tulikuwa na mzani wa kielektroniki kwenye ghala moja huko Mbozi. Draiva, yaani programu inayounganisha kifaa na kompyuta, niliiandika mimi. Kazi yake ndogo sana, inasoma mzani halafu inaipa programu ya stoo vitu viwili, namba ya mzigo ya biti 32 (baiti nne) na uzito kwa gramu wa biti 64 (baiti nane), basi. Ilifanya kazi vizuri tu mpaka kompyuta ya zamani ikafa, ikaletwa mpya yenye Linux ya biti 64, draiva nikaikompaili upya, yaani nikaigeuza kutoka kodi kuwa programu ya mashine hiyo mpya, programu ya stoo ikabaki ileile ya biti 32 kwa sababu aliyeiandika alishahama na kodi hakuiacha.

Gunia la kilo 60 likapandishwa, kioo cha mzani kinasema 60.0, kwenye kompyuta inakuja gramu 257,698,037,760,000. Wakubwa wa pale hawakuniuliza mimi. Walimuuliza mama anayepima, wakasema kachezea mzani, akaandikishwa maelezo na akawekwa pembeni. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mimi sijawahi kumpunja mtu hata kilo moja," akanipa daftari lake, kila gunia kaliandika kwa peni, siku na kilo, mstari kwa mstari.

Lile daftari ndo lilinifumbua macho. Nikachukua namba ya kompyuta nikagawanya kwa gramu alizoandika yeye, jibu 4,294,967,296. Gunia la pili, hilohilo. La tatu likazidi kiduchu, la nne hilohilo tena. Mnaoandika kodi mshaitambua hiyo namba, ni mbili kwa kipeo cha 32, yaani uzito ulikuwa sahihi kabisa ila umekaa nusu ya juu ya namba badala ya nusu ya chini.

Kwenye x86 ya biti 64, prosesa za kompyuta nyingi za mezani, kompaila (programu inayokompaili) inataka namba ya biti 64 ianzie mahali panapogawanyika kwa 8, kwa hiyo ikishaweka namba ya mzigo inaruka baiti nne, uzito unaanzia baiti ya 8 na strakti nzima inakuwa baiti 16. Kwenye Linux ya x86 ya biti 32, ndani ya strakti inaridhika na 4, uzito unaanzia baiti ya 4, jumla 12. Kerneli, yaani kiini cha Linux ambamo draiva inafanyia kazi, ikaandika kwa mpangilio wake, programu ikaomba baiti 12 na kusoma kwa mpangilio wake, na hakuna aliyelalamika kwa sababu nilitumia read, njia ya kusoma baiti tu bila kuangalia mpangilio. Ningetumia ioctl, njia ya kuipa draiva amri yenye namba, ukubwa wa strakti ungekuwa ndani ya namba ya amri yenyewe, isingelingana, ingekataa palepale na mama wa watu asingeguswa. Na majaribio nilifanya, lakini kwenye Raspberry Pi ya biti 32, na ARM, aina ya prosesa yake, hata kwenye biti 32 inapanga kwa 8, kwa hiyo tatizo halikuonekana.

Na lile gunia la tatu lililozidi? Zile baiti nne zilizorukwa sikuzisafisha, zikabeba mabaki ya kumbukumbu ya kerneli mpaka kwenye programu ya kawaida. Leo yalikuwa takataka, kesho inaweza kuwa kipande cha siri. Hizo ndo "baiti nne tu."

Ninachodai ni hiki, na sitarudi nyuma: anayeandika upande wa kerneli ndiye anayebeba jukumu, kwa sababu programu zishafika kwa watu, ziko Mbozi, Rungwe, Makete, huwezi kuzifuata moja moja. Torvalds, aliyeanzisha Linux, kila siku anasisitiza kerneli isivunje programu za watu, na mimi niliivunja. Kwa hiyo andika nafasi ya kujazia kwa mkono wako. Namba ya mzigo, halafu uga (sehemu moja ya strakti) wa akiba wa biti 32 ambao lazima uwe sifuri, halafu uzito. Inakuwa 16 kila mahali, na programu za biti 64 zilizokuwa zinasoma sawa, kama ile ya ripoti, haziguswi. Weka static_assert ikatae kukompaili kama ukubwa si 16, pitisha pahole, zana ya kukagua strakti, ikuonyeshe mashimo. Na ile programu ya zamani niliiachia njia yake, ikiomba baiti 12 draiva inaipa mpangilio wa 12.

Packed sawa, ina mahali pake, kama baiti zinatoka kwenye waya na mtengenezaji kashazipanga. Hapa ingevunja programu ya ripoti iliyoshazoea 16, na kuna prosesa hazivumilii kusoma namba isiyokaa kwenye mpaka wake. Wengine wanasema anza na uga mkubwa yaishe. Hayaishi, kujazia kunahamia mkiani, ukubwa wote unabaki 16 huku na 12 kule, ukituma magunia mawili kwa mpigo la pili linapotea. Long na pointa, ambazo ukubwa wake unabadilika kati ya biti 32 na 64, ndani ya strakti ya kerneli na programu msiziweke kabisa.

Nilirudi na draiva mpya, gunia likapanda, ikaja 60,000. Mama akaangalia skrini, akaangalia kioo cha mzani, halafu akaandika kwenye daftari lake kama kawaida. Kazini karudishwa. Ila yale maelezo bado yako kwenye faili lake, nimeandika barua mbili kueleza kwamba kosa ni la draiva yangu, na mpaka leo sijajibiwa. Wiki ijayo nakwenda mwenyewe.