Kocha wa Vipaji Aje na Huku Kwetu

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba hapa Unguja mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akakua akitembeza vyungu na kuvinadi njiani. Mwaka 1911 akahamia mjini. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi santuri kwa Kiswahili. Baina ya vyungu na Bombay alikuwapo mtu, Ali Muhsin, mwanamuziki wa taarab. Huyo ndiye aliyeisikia ile sauti akajua ni mali, akamfundisha kuimba na kupiga ala, kisha akamtia katika kundi la wenzake. Tukisimulia habari za Siti, Ali Muhsin tunampita mbio. Mimi naona huyo ndiye tunayemkosa leo.

Siku hizi wapo watu walioifanya kazi hiyo kuwa taaluma, wanaitwa makocha wa vipaji. Huko Marekani, Donald Clifton, mwanasaikolojia aliyesomesha Chuo Kikuu cha Nebraska, alichoka kuona taaluma yake imekazania kasoro za watu, akaanza kuchunguza kilicho sawa kwa mtu. Jaribio lake, linalouzwa na kampuni ya Gallup, lina jozi 177 za sentensi. Unachagua inayokuelekea zaidi, mwisho unapewa vipaji 34 vimepangwa kuanzia kilicho na nguvu kwako. Christopher Peterson na Martin Seligman nao walitoa orodha yao ya sifa 24 mwaka 2004, na jaribio lake mtu hulifanya bure kwenye intaneti. Lakini karatasi ya majibu si kazi yenyewe. Kazi ya kocha huanzia hapo: anakaa na wewe, anakuuliza kipaji hiki kimeshawahi kuonekana wapi katika maisha yako, na kesho asubuhi utakifanyia nini.

Nilikowaona mimi hapa Unguja ni kwenye semina za mahotelini, mbele ya watu wenye ajira tayari. Kazi ni nzuri. Mahali ndipo nisipokubaliana napo.

Na jambo jingine. Sisi tumelelewa kwamba anayejisifu hana adabu. Muulize msichana wa Wete anaweza nini, atainamisha kichwa: "Hamna kitu maalim, najua kidogo kidogo tu." Fomu inayomtaka ajipime mwenyewe itarudi na haya zake, si uwezo wake. Tunasema kizuri chajiuza, nami siamini hata kidogo. Vizuri vingapi vimezeekea uani kwa kukosa mtu wa kuvitaja! Kocha wa kwetu lazima aende kwa mama, kwa jirani, kwa maalim wa chuo cha Kurani, awaulize wao.

Namjua mama mmoja wa Paje, mkulima wa mwani, ambaye pia ni kijumbe wa kibati, yaani msimamizi wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Ukimkuta jioni ameketi kwenye jamvi, mwani umeanikwa pembeni, wenziwe wanakuja mmoja mmoja. Hana daftari. Anajua nani kashatoa, nani zamu yake mwezi ujao, nani kaomba abadilishane kwa sababu ana harusi ya mtoto. Aliyechelewa humvuta kando, akazungumza naye kwa sauti ya chini, na yule huondoka uso wake uko salama na ahadi kaitoa. Mama huyu alipopewa fomu ya mradi fulani, mahali pa ujuzi aliandika "mkulima wa mwani", kwingine kote akaacha wazi. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Kuhifadhi hesabu, kuaminiwa fedha za watu, kusuluhisha bila kuaibisha: hivyo vitu benki inavitafuta kwa matangazo ya kazi.

Sisemi kipaji kinatosha. Bahari ikipata joto, mwani aina ya kotoni, ule wenye bei, hufa kwenye kamba, na hakuna kocha wa kuuzuia. Nina hasira na yeyote anayemwambia maskini kwamba umaskini wake ni kutojijua tu. Na kumwambia mtu ana kipaji kisha ukamwacha barazani ni kumtesa. Ali Muhsin hakusema "una sauti" akaenda zake.

Wanaonitia uchungu zaidi ni vijana wa kidato cha nne. Matokeo yakitoka, kijana anapewa daraja, nyumba nzima inanyamaza, na neno linalobaki ni "kafeli". Wengine wanakwenda kwenye vituo vya mafunzo ya amali, kama Mkokotoni au Vitongoji kule Pemba, na wengi huchagua fani aliyoichagua rafiki yao. Hapo ndipo kocha anatakiwa awe amekaa, kwa mshahara, kabla kijana hajajaza jina. Kila skuli ichague mwalimu mmoja, asomeshwe kazi hii, apunguziwe vipindi ili apate muda wa kufika majumbani.

Fedha za hayo zikichelewa, basi fomu ya mafunzo ya amali iongezwe ukurasa mmoja ambao mwombaji haujazi yeye: umemuona akifanya nini vizuri, wapi, na nani alifaidika? Ajaze bibi yake, ajaze fundi aliyekuwa akimsaidia likizo, ajaze kijumbe wa mtaani kwao. Na anayepokea fomu ausome ukurasa huo kabla ya kutazama daraja.