Kodi ya Tatu Mmeitupa Wapi?

Magrupu ya hapa Kigoma yamejaa klipu za vijana, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wakipiga nyimbo za anime (katuni za Kijapani) kwenye vinanda vya kwaya. Mkono wa kulia safi, hongera. Mkono wa kushoto? Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni zilezile za ibada: ya kwanza, ya nne, ya tano, ukihesabu kutoka do, na mdundo wa rumba juu yake. Jamani!

Nyimbo nyingi za anime zinapenda mzunguko ambao Wajapani wanauita njia ya kifalme: ya nne, ya tano, ya tatu, ya sita. Kwenye C, yaani C ikiwa do, ni F, G, E maina, A maina (maina ni kodi yenye sauti ya huzuni, meja ya furaha). Mtu wa kwaya akifika kwenye ya tatu anapachika C, na sikio linamkubalia, maana C na E maina zote zina mi na so. Tofauti ni ti na do tu. Lakini hiyo ti ndiyo yenye utamu: inaning'inia, kisha inapanda kuingia do ya A maina. Ukipiga C, do umeshaitoa mapema, na ya sita ikija inakuta sherehe imekwisha.

Na wala si kazi ngumu. Kushoto piga besi peke yake: F, G, E, A. Kulia shika A-C-F, kisha B-D-G. Kuingia E maina unasogeza kidole kimoja tu, D iende E. Halafu B iende C, G iende A, basi, umefika A maina. Mnashindwa nini?

Wengine ya tatu wanaijua, ila wamewasha ile kodi ya kidole kimoja, kinanda kinajipigia kodi nzima chenyewe. Kwenye Yamaha, ukibonyeza E peke yake unapewa E meja, yenye G shapu (G iliyopandishwa nusu sauti), huku kulia unaimba G ya kawaida. Ndiyo ule ukakasi unaosikika kwenye klipu. Ongeza ufunguo mweusi ulio kushoto kwake upate maina, au zima kabisa hiyo kitu. Na rumba nayo izime. Afadhali.

Pedali ya kurefusha sauti: achia na ukanyage upya kila kodi inapobadilika. Na usiikanyage wakati unawasha kinanda, itafanya kazi kinyume.

Transpozi, ile ya kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima, haya, nakubali, shingo upande. "A Cruel Angel's Thesis" ya mwaka 1995, wimbo wa anime ya Neon Genesis Evangelion, iko C maina. Ipige kwenye A maina, panda nusu sauti tatu. Mwanzo wake mtu yeyote wa kwaya anausoma: la do re do re, re re so fa mi re mi. Ila re ya kwanza na do inayoifuata kila moja ina robo tatu ya pigo, si pigo zima. Mkizinyoosha zilingane, mmeshaugeuza wimbo wa kukusanyia sadaka.