Nyasi, kiberiti na migunga ya Mkwaja

Ukipanda basi la Tanga pale Mbezi mwezi wa tisa, ukishaipita Chalinze hukosi kuona ardhi iliyoungua kandokando ya barabara, nyeusi tii, na abiria wakilaani: "Hawa watu wanaiua nchi." Nami nililaani hivyo hivyo kwa miaka. Baada ya moto wa Oktoba 2020 kule Mlima Kilimanjaro, ilikuwa vigumu kumpata mtu Dar es Salaam wa kukitetea kiberiti. Siku hizi nasita kulaani, na sababu yangu ni Mkwaja.

Mkwaja iko pwani, kaskazini mwa Bagamoyo. Miaka ya 1950 ilianzishwa hapo ranchi ya kufuga ng'ombe, nyama yake iwalishe wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Mbung'o waliwasumbua ng'ombe, dawa zikatumika kwa wingi, lakini adui aliyeishinda ranchi kimyakimya alikuwa mgunga. Kila usiku ng'ombe walirudishwa mazizini, na mchana walichungwa maeneo yale yale. Nyasi zikaliwa hadi chini. Moto ukija, haukuta cha kuunguza. Miche ya migunga, ambayo zamani ilikuwa ikiungua kila mwaka kabla haijarefuka, ikapata nafasi ya kukua mpaka ikawa vichaka vya miiba visivyopitika. Walikata, ikachipua upya kutoka visikini. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, na leo eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005.

Sasa liweke hilo kando ya Serengeti. Sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, ilipoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukawatoka na nyumbu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1. Walao wakawa wengi, nyasi ndefu zikapungua, moto ukapungua, na miti ikarudi nyandani.

Mchakato ni ule ule: nyasi kuliwa, moto kufa, miti kuota. Serengeti tunaushangilia, maana ikolojia ilikuwa ikipona jeraha la sotoka, na miti ile inahifadhi kaboni. Mkwaja tunausikitikia, maana malisho yalizibwa. Kwa hiyo anayesema "mti zaidi ni uhai zaidi" bila kuuliza mti huo unaota wapi hajamaliza hoja yake. Kongoni na tohe wa Saadani wanaishi kwa nyasi. Uwanda wa nyasi una uhai wake wenyewe. Si msitu uliokosa kupandwa.

Hata hivyo wanaoupinga moto wana hoja, tena nzito. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta nyasi zimekauka kama karatasi na upepo umeshika kasi. Huo hauishii kwenye nyasi: unapenya msituni, na misitu ya pwani kama Zaraninge, iliyomo ndani ya Saadani yenyewe, ina miti isiyozoea kuungua kabisa. Nitrojeni nyingi ya majani hupotea na moshi. Udongo hubaki wazi, na vuli inapoanza hubebwa na mvua. Kuna pia nyumba, mikorosho na mizinga ya watu. Mwanakijiji aliyeunguliwa na shamba hana haja ya somo la ikolojia.

Ndipo suala la majira linapokuwa zito kuliko suala la moto wenyewe. Masika ikishaisha, mwezi wa sita na wa saba, nyasi bado zina unyevu chini. Moto wa wakati huo hutembea polepole, huruka sehemu mbichi, hufa usiku umande unaposhuka. Unaacha mabaka yaliyoungua yanayouzuia moto mkubwa wa baadaye. Chipukizi la nyasi liko karibu na ardhi, hivyo jani huota tena likiwa laini na lenye lishe kuliko bua kuukuu, na wafugaji huongeza kwamba kupe hupungua. Lakini nakiri udhaifu wake: moto huo mpole hauangushi kichaka kilichokwisha komaa. Kwa Mkwaja umechelewa. Kwa uwanda ambao bado uko wazi unafaa.

Na si lazima kila mahali pawe kiberiti. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linafungwa wakati wa mvua, linafunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uanze mwaka 1986, utaratibu huo wa wazee ulirudishwa kwa kiwango kikubwa, na ardhi iliyokuwa tupu ikafunikwa tena. Kilichoifanikisha ngitili, kwa maoni yangu, ni kwamba wanaoifunga ndio wanaolisha mifugo yao humo.

Hilo ndilo ninalolikosa katika mjadala wetu wa mjini. Tunanunua nyama ya ng'ombe walioshushwa mnada wa Pugu, halafu tunataka aliyewalisha asichome na asihame. Ningependa vijiji vinavyopakana na Saadani viwe na ratiba yao ya kuchoma, ikiwa na barabara za kuzuia moto zilizofyekwa mapema kuzunguka misitu, na kibali kitoke masika inapoisha. Kibali cha mwezi wa tisa, nyasi zikiwa zimeshakauka, ni bora kisitolewe.