Mkoko una askari, jani halina

Bamvua iliyopita, siku za maji kupwa sana, nilimfuata mama yangu mdogo shambani kwake, baharini. Chwaka, mashariki ya Unguja, maji yakitoka yanatoka kweli: unatembea mpaka nyumba za pwani zinakuwa kama viberiti. Yeye vijiti kwapani, kamba begani, mimi nyuma nateleza. Tulipofika akainama, akaanza kung'oa majani ya bahari kwa mikono miwili, kama anayepalilia muhogo.

"Mbona unayang'oa?"

"Jani linanyima mwani jua, mwanangu. Na mwani ndio unaonilipa."

Kwenye kidimbwi alipong'oa palibaki vitasi vidogo, watoto wa samaki tasi, urefu wa kidole, vikihangaika kutafuta pa kujificha. Ndio tasi wale wale ambao baba mdogo anawategea dema, mtego wake wa kusuka.

Ghuba hii ya Chwaka haijasahauliwa na wataalamu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu 1978, na sidhani kuna maji ya Zanzibar yaliyopimwa kuliko haya. Inajulikana kwamba tasi na pono hukulia kwenye majani. Inajulikana pia kwamba mashamba ya mwani yakitandazwa juu ya majani, majani hupungua. Yote yameandikwa, tena vizuri, kwa Kiingereza. Mama mdogo anasema ameshahojiwa mara tatu. "Waliniuliza nina watoto wangapi na nyumba yangu ya bati au makuti." Hakuna aliyerudi kumwambia walichokipata.

Usimamizi nao umekwenda upande mmoja. Mikoko ya kusini mwa ghuba imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004, na ukikata mkandaa wa boriti unajua kabisa unakimbia nani. Sawa, nafurahi. Lakini majani, ambayo ndiyo malisho ya samaki, sijawahi kuona mtu akiulizwa kwa kuyang'oa, wala juya, wavu wa kukokota, likizuiwa kwa kuyakwangua. Nadhani ni kwa sababu mkoko unaonekana hata ukiwa barabarani, jani mpaka maji yatoke. Wavuvi wa dema wa Marumbi walishagombana sana na wenye nyavu za kukokota wa Chwaka kwa jambo hili hili, na watu wengine walidhani ni ugomvi wa vijiji tu.

Simwambii mama mdogo aache mwani. Kilimo hiki kilipoanza kwa biashara mwaka 1989 kiliwapa wanawake wa mashariki ya Unguja fedha ambayo haikupitia mkononi mwa mume, na anayetaka kuwanyang'anya aje awaambie mwenyewe. Ila shamba linaweza kuhama. Kuna mabaka ya mchanga mtupu katikati ya majani. Kuna pia maji ya kina: mwani aina ya kotonii ilipoanza kufa kwa joto, watafiti na wakulima walijaribu pamoja kuipanda huko kwa nyavu zilizoshonwa kama mirija, ikaota. Kinachokwamisha huko ni boti na kuogelea. Wengi wa hawa kina mama hawajui kuogelea, na vijiti vya kina kifupi havihitaji boti. Basi semina moja ya hotelini ifutwe, inunuliwe boti, alipwe mwanamke wa kuwafundisha wenzake kuogelea. Na anayetaka kuja kupima tena, kwanza aje dikoni, wavuvi wanapoegesha vyombo, siku ya maji mafu, yasiyotoka sana, watu wakiwa na nafasi, aeleze kwa Kiswahili alichokipata safari iliyopita.

Nilimweleza mama mdogo habari za tasi na majani nilivyozisoma. Akauliza nimezipata wapi. Nikamwambia kitabuni, na utafiti ulifanywa hapa hapa.

"Hapa hapa?" Akacheka mpaka akaangusha kamba. Safu iliyofuata aliihamishia kwenye mchanga, hatua kama kumi hivi.

"Kwa ajili ya dema la baba yako," akasema, "si kwa ajili ya kitabu chako."