Eti "si ni farasi tu"

Jumamosi nimeambiwa neno ambalo mpaka leo limenikwama kooni kama mfupa wa tilapia, na sisi wa Naivasha mifupa ya tilapia tunaijua.

Ilikuwa kundi la watu saba kutoka Nairobi, birthday ya mmoja wao, wamebook kupanda farasi kwangu masaa matatu kuanzia saa mbili asubuhi. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, napiga simu naambiwa "tuko hapa karibu," kumbe wako viewpoint kule juu ya escarpment wanapiga picha na wanabishana bei ya kofia za manyoya ya kondoo. Farasi nilikuwa nimeshawatandika tangu saa moja na nusu. Nikawavua wote, maana siwezi kumwacha mnyama amesimama juani masaa mawili na tandiko mgongoni bila kazi. Wakafika saa nne na robo muziki juu kabisa, na mimi ikabidi nianze upya moja kwa moja.

Sasa niko chini, nimeinua mguu wa nyuma wa yule jike wangu wa kahawia nauegemeza pajani, nachokoa ukwato, jasho linaingia machoni, ndio madam mmoja mwenye kofia ya kikauboi mpya kabisa (lebo ya bei bado inaning'inia kwa nyuma) akanisimamia akasema, "Kijana, unasugua sugua nini na sisi tumelipa? Si ni farasi tu, twende."

Kijana! Nina miaka arobaini na moja. Lakini hiyo niliimeza, nimezoea. Lililonichoma ni hilo "si ni farasi tu."

Wacha niseme kitu. Wiki nzima kabla ya kuja, huyo huyo madam alinipigia simu mara tano kuuliza mambo ya kujiandaa. Avae jeans au tights. Buti za brown au nyeusi. Kama kuna farasi mweupe kwa ajili ya picha. Kama nywele za farasi zinaweza kusukwa. Sikuulizwa hata mara moja farasi wanakula nini, wamepumzika lini, wana umri gani, yaani hata jina. Watu wanajiandaa kwa safari ya farasi kama wanaoenda harusini na farasi ndiye gari la kukodi, la kuwaka tu ukizungusha ufunguo.

Na hata bodaboda, jamani! Hata mtu wa bodaboda asubuhi anaangalia chain, anabonyeza tairi, anatingisha tanki asikie mafuta yako wapi. Pikipiki ikiharibika haiumii. Huyu anaumia na hana mdomo wa kukwambia, ana masikio, mkia na mgongo, na ndio maana mimi nachukua dakika arobaini kwa kila farasi kabla mtu hajaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, na sitapunguza hata moja, niandikwe vibaya huko mitandaoni mpaka wachoke.

Kazi yenyewe naanza na mkono, brashi inafuata baadaye. Mzee wangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Ngong, kwenye mbio za farasi, na alinifundisha kitu kimoja kabla hata hajaniruhusu kushika kamba: weka macho yako kwenye vidole. Yaani unapitisha vidole pande mbili za uti wa mgongo kutoka mabegani mpaka kiunoni, unabonyeza kidogo kidogo, huongei. Farasi mzima anasimama tu anatafuna mawazo yake. Mwenye maumivu, ukifika pale anazama, mgongo unashuka chini ya mkono kama godoro, au ngozi inarukaruka, au sikio moja linakugeukia. Hapo umeshapata habari yako. Huyo leo haendi popote, hata kama aliyembook amelipa na mpesa na ana screenshot.

Kuna farasi tulikuwa naye, dume lililohasiwa, alistaafu mbio kama wengi wa hawa mnaowapanda huku, mweusi, mpole kama mzee wa kanisa. Siku moja akamrusha mgeni. Akapandwa na mwingine, akamrusha. Wiki moja tu akapewa jina mkorofi, ikasemwa auzwe, mmoja akashauri atafutiwe lijamu kali zaidi ya kumvunja taya ndio ajue nani mkubwa. Nikaomba nipewe asubuhi moja tu. Nikachukua lile blanketi la chini ya tandiko nikaligeuza, nikapapasa, sioni kitu. Nikalipitisha shavuni. Ndipo nikaisikia. Mbigiri, moja, imezama kwenye sufu mpaka imebaki ncha tu, ukiliangalia kwa juu halina kitu, lakini weka kilo sabini juu yake uone. Siku tano mnyama amebeba mwiba na anatukanwa. Nilimwomba msamaha kwa Kikikuyu, lugha aliyokuwa anatukanwa nayo sana.

Tangu siku ile kila blanketi linapita shavuni kwangu. Wageni wakiniona wanacheka, wanadhani nalinusa.

Kwato nazo. Zote nne, kila siku, kabla na baada. Barabara zetu ni marram na mawe ya volkano, na kule chini ya ukwato pembeni ya ile nyama ngumu yenye umbo la V kuna mifereji miwili ambayo kokoto likiingia linakaa kama limejengewa. Farasi anaweza kutembea nalo kilomita mbili bila kuchechemea, kisha ya tatu ndio unamwona anainamisha kichwa kila akikanyaga, na uko katikati ya pori na mtoto wa watu mgongoni. Unachokoa kutoka kisigino kwenda mbele, usije ukaitoboa ile sehemu laini. Unanusa pia. Ndiyo, unanusa, ukwato unaooza una harufu ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau hata ukienda Ulaya. Na kila wiki sita hadi nane fundi wa viatu vya farasi lazima aje, awe ana kazi nyingine au hana, maana kucha hazisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.

Halafu mkanda wa tumbo. Hapa ndipo kila anayejua kidogo anataka kunionyesha ujuzi, anakuja anavuta kwa nguvu zote mara moja kama anafunga mzigo kwa paa la matatu. Farasi si mjinga, akiona mkanda anajaza kifua pumzi, ukimaliza anashusha na mkanda umelegea, wewe unapanda na tandiko linakugeukia mpaka tumboni. Unafunga kidogo. Unamtembeza. Unaongeza tundu moja. Unamvuta miguu ya mbele, mmoja mmoja, ngozi iliyokunjamana chini ya mkanda inyooke isije ikachubuka. Mkishatembea dakika kumi unasimama unaangalia tena. Na kupanda unapandia kwenye jiwe au ngazi, hata kama wewe ni mwanamichezo, ukining'inia upande mmoja unaupinda mgongo wa mwenzako.

Na tumbo. Watu wengi, hata wenye farasi, wanaamini mnyama asile kabla ya safari. Nafaka, sawa, usimshindilie pumba na shayiri halafu umkimbize. Lakini majani lazima. Tumbo la farasi linatengeneza asidi saa zote, ale asile, sasa likiwa tupu na anapigishwa shoti ile asidi inarukaruka humo ndani. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri wangu wako na majani makavu ya boma rhodes, na maji hawanyimwi kamwe, mmoja anaweza kumaliza lita arobaini kwa siku ya joto, yaani madumu mawili makubwa ya njano, na mtu anakuja kuniambia nimpe "kidogo akirudi."

Sasa nifike mahali ninapopachukia.

Miaka sita iliyopita, shamba lingine, si hapa nilipo. Kupe walikuwa wengi msimu ule baada ya mvua na dawa yetu ikaisha. Aliyekuwa msimamizi akaleta chupa ya dawa ya ng'ombe kutoka kwa jirani, akasema dawa ni dawa, kupe ni kupe, na mnyama ni mnyama. Tulikuwa na jike mmoja mkubwa wa kijivu. Bomba la kunyunyizia nililishika mimi. Sikusoma karatasi ya chupa. Ingekuwa nimesoma ningeona neno amitraz, na mzee wangu alishawahi kuniambia hilo neno, farasi akiguswa na hiyo dawa utumbo unaweza kusimama. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri tu. Kwa farasi ni sumu.

Jioni alikataa majani. Usiku akaanza kuparua chini na kuangalia ubavu wake, anaangalia, anageuka, anaangalia tena, kama anayetafuta kitu alichokiacha. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima lina kelele, linanguruma kama jiko la makaa lenye sufuria, hata ukipita tu unalisikia. Lake lilikuwa kimya. Nilihamisha sikio upande wa pili, kimya. Na farasi hawezi kutapika, hajaumbwa hivyo, kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea na hiyo njia nilikuwa nimeifunga mimi na bomba. Daktari alikuja, akamwekea mpira puani, mafuta, maji ya mshipa, sisi tukamtembeza kwa zamu usiku mbili. Siku ya tatu asubuhi hakuinuka.

"Si ni farasi tu." Msimamizi alisema maneno karibu yale yale, alisema "ni mnyama, ataletwa mwingine." Kwa hiyo madam wa kofia, samahani kama Jumamosi uso wangu haukuwa wa birthday.

Mengine nayasema haraka maana nimeshawachosha. Helmeti unavaa, sijali nywele umesuka lini. Uzito nauliza kwa kila mtu, usinune, kanuni inayotumika ni farasi kubeba asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo, sasa wangu wa kilo 450 mwisho wake ni 90 na tandiko peke yake lina karibu kumi. Na jioni tunarudi kabla ya magharibi, hakuna "sunset kidogo tu," kwa sababu giza likianza kuingia usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma, wanatoka, na hao ndio wanaobeba ule ugonjwa wa mapafu unaoweza kumuua farasi kwa siku chache tu, pundamilia wanatembea nao bila hata kukohoa, na pundamilia huku ndio majirani zetu. Tunachanja kila mwaka, lakini chanjo si rungu.

Haya, na mimi nikubali yangu. Kuna mabanda, na mengine si mbali, ambako saisi hasugui chochote, anatupia tandiko juu ya kidonda na anakuchekea apate tip, na mgeni aliyezoea huko akija kwangu lazima anione mvivu. Na bila hawa watu wa Jumamosi hakuna pesa ya lusani, majani ya kulisha farasi, wala ya fundi wa viatu, hilo najua, silipwi na hewa. Pia labda ningemweleza vizuri badala ya kuguna. Labda.

Nilichofanya ni hiki. Lile kokoto nililolitoa kwenye ukwato lilikuwa kubwa kama punje ya njegere, jeusi, lina makali upande mmoja. Nikamwambia, madam, vua kiatu kimoja, weka hili ndani, vaa, tembea mpaka pale kwa lango urudi. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akalishika, akaliangalia, akaniuliza, "Limetoka huku?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, akaenda kusimama kivulini na simu yake.

Kwa sababu ya jua niliwapa saa moja na nusu badala ya tatu, mwendo wa kutembea tu. Wakadai warudishiwe nusu, wakarudishiwa. Jioni nikaonyeshwa walichoandika: farasi wazuri, mandhari nzuri, staff wanachelewesha, nyota tatu. Ile jike ya kahawia nikaimwagia maji miguuni, nikamwangalia mgongo tena, mapigo yameshuka mpaka 40, anakula.

Jumamosi hii nina watu sita. Wameshauliza kama kuna mweupe.